Video ya Usiku Wako wa Hina Anakaa Nayo Nani?



Leo hatukuja na mishono. Tumekuja na swali kwa bi harusi na kwa mama wa bi harusi. Gauni likishavuliwa, hina ikishakauka na wageni wakishaondoka, ile kadi ya kamera yenye picha zote za usiku wa wanawake huenda kwa nani?

Sisi ni wanawake watatu wenye chumba cha ushonaji Malinyi, ng'ambo ya Mto Kilombero ukitokea Ifakara. Tunashona magauni ya harusi na ya usiku wa hina, tunakodisha mapambo, na kwa miaka miwili sasa tunahariri video za harusi pia. Hilo la mwisho hatukulipanga.

Lilianza na binti mmoja tuliyemshonea. Mama yake ni mtu wa sitara kwelikweli. Usiku wa hina simu zote zilikusanywa mlangoni zikatiwa kapuni, na kapu akalikalia shangazi mtu. Mpiga video alikuwa mwanamke, tena alilipwa zaidi kwa sababu hiyo. Vijana wa kubeba soda waliishia barazani. Ndani binti alikuwa huru kama mtu aliye kwao: nywele zimeachiwa, mabega wazi, anacheza na mashoga zake. Asubuhi yake kadi ya kamera ikafungwa kwenye bahasha ikapelekwa studio moja ya mjini, mbali na hapa, kwa kijana anayehariri. Hakuna aliyeshtuka. Hata sisi tuliokuwepo hatukushtuka.

Wiki kadhaa baadaye binamu yake wa kiume alikwenda studio hiyo kupiga picha za pasipoti. Akaketi kwenye benchi kusubiri, akainua macho kwenye televisheni ya ukutani, akamwona dada yake. Walikuwa wameitoa sehemu ya video wakaifanya tangazo: binti anazunguka taratibu, nyuma yake wamemwekea mawingu na maua yanayodondoka. Kijana wa studio hakuwa na ubaya wowote, alikuwa amejivunia kazi yake. Alipoombwa aliifuta hapo hapo na kuomba radhi. Lakini benchi lile wameketi watu wangapi kabla ya binamu?

Binti huyo hakulia mbele yetu. Alituuliza tu: sasa kapu la simu lilikuwa la nini?

Swali hilo hatujawahi kulijibu. Tulichofanya ni kurudi kwenye Sura ya An-Nur, aya ya 31, ambayo imewataja mmoja mmoja wale ambao mwanamke anaweza kuonekana nao na pambo lake: mume, baba, baba mkwe, watoto wa kiume, ndugu, watoto wa ndugu, wanawake wenzake na wengine waliotajwa hapo. Fundi wa studio hayumo. Na usidhani yeye huona kidogo. Mgeni ukumbini humwona bi harusi mara moja, tena kwa mbali. Mhariri humsimamisha, humkuza, humrudisha nyuma, humtazama shingo na kiganja kwa saa nzima kwa sababu kazi yake ndiyo hiyo. Hakuna mtu duniani anayemtazama bi harusi kwa makini kama mhariri wake, labda fundi aliyempima gauni.

Na kwa kumpima gauni hatukubali mwanamume hata siku moja. Hapo ndipo tulipoona kwamba tumekuwa tukifunga mlango mmoja na kuacha mwingine wazi. Msimamo wetu ni huu: kazi ya kuhariri video za harusi zetu, pamoja na ile ya kuunga picha ambayo ndiyo huifanya video ionekane ya kisasa, ijifunzwe na wanawake wa Kiislamu, na wa kwanza kuifaa ni mafundi cherehani.

Tueleze kwanza kazi yenyewe. Kukata vipande na kuvipanga kwa mfuatano, wengi wanaweza, hata kwenye simu. Kinachowapeleka watu studio ni kile kingine: kumtoa mtu mahali alipo na kumweka pengine, kuongeza mwanga, maua, mvua, jina linaloelea nyuma ya bega. Kwa lugha ya wenye filamu huitwa kompoziti. Unachukua picha zilizopigwa mahali tofauti na nyakati tofauti, unazilaza moja juu ya nyingine, na mtazamaji aamini kwamba ni moja.

Fundi yeyote akisikia hivyo anajua anachoambiwa. Gauni la harusi ni kitu gani kama si hicho hicho? Bitana chini, satini juu yake, lesi juu ya satini, neti juu ya lesi, shanga juu ya yote, na mshono usionekane. Mwanamke wa Kijerumani, Lotte Reiniger, alitengeneza filamu ya Mwanamfalme Achmed mwaka 1926 kutokana na hadithi za Alfu Lela Ulela, na watu wote waliomo aliwakata kwa mkasi, kisha akawapanga kwenye vioo vilivyolala tabaka kwa tabaka na kuwapiga picha moja moja. Tulipoona picha yake ameshika mkasi mkononi, tulifurahi kama tumeonyeshwa bibi yetu.

Somo lililotufungua macho lilikuwa la shela. Katika kompyuta kila nukta ya picha ina rangi yake, na juu ya rangi inaweza kubeba namba moja zaidi iitwayo alfa. Alfa ikiwa 1, nukta hiyo ni nzito kama satini, huoni kilicho nyuma. Ikiwa 0, ni tundu tupu. Lakini shela ya neti si moja wala sifuri. Ipo katikati: unaona neti na unaona kilicho nyuma ya neti kwa pamoja. Hesabu ya kulaza tabaka moja juu ya nyingine kwa kutumia namba hiyo iliandikwa vizuri na Thomas Porter na Tom Duff mwaka 1984, na programu za leo bado zinaitumia. Mwalimu wa kozi alitumia dakika arobaini kuwaeleza wanafunzi wake kitu kinachoonwa nusu na kupitisha nusu. Sisi tulikuwa na roli tatu za kitu hicho ukutani.

Sasa kuhusu kujifunza. Hatuna shahada. Wote watatu tuliishia kidato cha nne, kisha tukasoma ushonaji. Kompyuta tuliyonunua ilikuwa imetumika, ikaletwa kutoka Ifakara wakati wa masika, njia ya Lupiro ikiwa tope tupu, imeviringishwa kwenye khanga mbili. Ilikuwa na kumbukumbu ya GB 8, ambayo kwa kazi hii ni kidogo, na ilikuwa ikigoma kama punda.

Tuliwahi kudhani ni lazima kulipia programu kila mwezi. Si lazima. Blender ni ya bure kabisa na ndani yake mna sehemu ya kuunga picha. DaVinci Resolve ina toleo la bure, na ndani yake mna Fusion, ambayo ni ya kazi hii hii. Kampuni inayoitengeneza, Blackmagic Design, imeweka vitabu vya mafunzo kwenye tovuti yake bila malipo, pamoja na picha za kufanyia mazoezi. Ukishazipakua, programu zote mbili hufanya kazi bila intaneti. Tuliweka bando la usiku, tukapakua masomo hadi alfajiri, mchana tukayasoma kwa zamu katikati ya wateja.

Kozi moja tuliilipia. Tuseme kweli, cheti chake hakijaulizwa na mteja yeyote. Faida yake ilikuwa mpangilio: ukijifunza vipande vya bure ovyo ovyo unaweza kukaa mwezi mzima unajua kudondosha maua na hujui kulainisha ukingo. Anayetaka kuanza tunamshauri amalize kwanza masomo ya bure, na kama bado ana hamu, ndipo alipie. Wako wanaouza kozi kwa maneno matamu kuliko mahari. Ukiahidiwa kuwa fundi wa filamu za Hollywood kwa siku saba, funga ukurasa.

Kiingereza kilitusumbua kuliko kompyuta. Tulitenga kurasa za nyuma za daftari la vipimo, tukaandika kila neno jipya na maana yake kwa kazi yetu, si maana ya kamusi. Maana neno la ufunguo pale maana yake ni kuondoa rangi. Neno la unyoya maana yake ni kulainisha ukingo. Neno la takataka maana yake ni kuzungushia mtu mpaka wa haraka haraka ili yaliyo nje yatupwe. Baada ya maneno sitini hivi tukawa tunamwelewa mwalimu bila kusimamisha video. Daftari hilo sasa lina vipimo vya kiuno upande mmoja na vipimo vya picha upande mwingine.

Kosa letu la kwanza bado linatuchekesha. Mmeona nyuma ya watangazaji wa hali ya hewa huwekwa kitambaa cha kijani, kisha kompyuta inaambiwa iondoe kila kilicho kijani. Kijani huchaguliwa kwa sababu kimo kidogo katika ngozi ya binadamu, na kwa sababu ndani ya kamera nyingi za kidijitali, kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, katika kila vinukta vinne vinavyopokea mwanga viwili ni vya kijani. Kamera hukiona kijani vizuri. Basi tukatundika kitambaa, tukamsimamisha mpwa wetu na gauni la usiku wa hina, zuri, tulilishona wenyewe, la kijani. Tulipobonyeza, kikabaki kichwa na mikono miwili yenye piko vinaelea hewani. Mama mmoja aliyekuja kuchukua sketi akasema audhubillahi na kutoka nje.

Kwa hiyo bi harusi akivaa kijani, kitambaa kiwe cha buluu. Na kiwe kisichong'aa, kisiwe na mikunjo, na bi harusi asimame mbali nacho hatua tatu au nne, la sivyo kijani kitarudi kwenye satini na shanga zake na kumfanya aonekane mgonjwa wa nyongo. Hapa sisi tuna faida ambayo kozi hazikuitaja. Kitu kigumu kuliko vyote katika kumkata mtu ni nywele, kila unywele na ukingo wake. Bi harusi aliyejistiri ana ukingo mmoja safi wa hijabu kutoka paji la uso hadi begani. Hijabu imetupunguzia kazi ya usiku mzima.

Anayesema kazi hii haiwezekani bila studio kubwa, amtazame Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala. Alikuwa mfyatua matofali, akajifunza mwenyewe kuhariri na kutengeneza athari za picha, kompyuta akizikusanya mwenyewe kwa vipuri, na mwaka 2010 filamu yake ya Who Killed Captain Alex? ikawa na helikopta zinazoishambulia Kampala. Filamu za kupigana si za kwetu, na hatumwambii mtu azitazame. Tunachotazama ni jinsi mtu alivyoanza na alichokuwa nacho. Kuna jambo jingine la kujifunza kwake: filamu ile ya asili aliifuta kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kazi nyingine. Kwa filamu ni hasara. Kwa video ya usiku wa hina, kufuta ndiyo amana yenyewe, na hapo tutarudi.

Kazi iliyotufanya tugombane sisi kwa sisi ilikuwa ya bwana harusi aliye Muscat. Ruhusa ya kuja haikupatikana, nikaha ikafungwa kwa wakala, halali kabisa, na mahari ikatajwa mbele ya watu. Baada ya wiki mama wa binti akaja akakaa kwenye kiti cha wateja. "Wanangu, hamwezi kunileta mkwe wangu akakaa karibu na mkewe, hata dakika moja tu?"

Tukamtumia kijana maelekezo kwa WhatsApp: avae kanzu, akae kwenye kiti, dirisha liwe upande wa kushoto, simu iwe usawa wa kifua. Tukasahau kumwambia ukuta. Akajirekodi na kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe. Hapo hakuna rangi ya kuondoa, programu haijui kanzu inaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Ikabidi tumzungushie mstari kwa mkono fremu moja baada ya nyingine, kazi iitwayo rotoskopi, ambayo Max Fleischer wa Marekani alipata hataza ya mashine yake mwaka 1917. Sekunde nane, kila sekunde fremu 25, jumla fremu 200. Tulifanya usiku nne baada ya Isha, tukipokezana, umeme ukikatika tunalala, ukirudi tunaamka.

Hata alipokatika vizuri alikuwa hakai. Mwanga wake ulikuwa wa buluu wa taa ya chumba, wa bi harusi ulikuwa wa jua la jioni la huku kwetu. Tukampasha rangi. Bado alielea. Mmoja wetu akasema hana kivuli. Tukamwekea kivuli kwenye mkeka, laini, kikielekea upande ule ule wa kivuli cha binti, na hapo hapo akaketi. Mama alipoona alishika mdomo kwa ncha ya mtandio wake akatazama mara tatu bila kusema neno.

Ugomvi ulikuwa huu. Mmoja wetu alisema tumetengeneza uongo. Wawili tukasema si uongo, kila mtu anajua kijana yupo Oman, mama mwenyewe ndiye aliyeomba. Yeye akajibu kwamba leo wanajua, lakini mtoto atakayezaliwa akitazama video hiyo baada ya miaka kumi atadhani baba alikuwepo. Hatukupata jibu zuri la kumpa, tukafuata rai yake. Mwanzoni mwa kipande kile tuliandika kwamba bwana harusi alikuwa Muscat na picha yake iliungwa. Mama hakupenda sana yale maandishi. Tulimshonea barakashia za wajukuu watarajiwa, akapoa.

Tangu siku hiyo tuna mambo tusiyoyafanya, na tumepoteza fedha kwa ajili yake. Hatumbadilishi binti kwa picha ya posa. Mwanga tunaurekebisha, kwa sababu kamera nyingi huonea ngozi nyeusi, lakini kumpunguza kiuno au kumweupisha ili mposaji aone mtu asiyekuwepo, hapana. Muuza kitambaa anayeficha tundu kwa kukunja upande wa ndani tunamjua jina lake. Na mama mmoja aliyetaka tumweke binti yake mbele ya Al-Kaaba siku ya harusi, ilhali hajawahi kufika, tulimwombea Mwenyezi Mungu amjaalie afike kwa miguu yake.

Bahari tunaweka. Mabinti wa bonde hili wengi wanataka bahari nyuma yao. Maji yetu ni ya mto na yana viboko. Ninyi wa visiwani tunaambiwa mnataka theluji! Lakini tunawashawishi wateja wetu waangalie nje kwanza. Mwezi kabla ya mavuno mpunga hapa huwa rangi ya dhahabu hadi unakochoka kutazama, na asubuhi isiyo na ukungu milima ya Udzungwa inaonekana ng'ambo ya bonde. Tumepiga picha hizo wenyewe, na tunazitumia bila kuiba picha ya mtu mtandaoni. Bi harusi wawili wameziomba. Wengine bado wanataka bahari, na mteja ni mteja.

Tunajua wapo watakaotuambia kwamba dawa ya yote haya ni kutopiga video kabisa. Hao hatubishani nao. Masheikh wenyewe wametofautiana juu ya picha, na tumewahi kumshonea binti ambaye usiku wake haukupigwa hata picha moja, na ulikuwa usiku mzuri kuliko mingi. Anayeweza hivyo, aendelee. Lakini harusi nyingi zinapigwa video, na zitapigwa Mfunguo Mosi huu pia, na kuzikemea bila kuwa na mwanamke wa kumpelekea kadi ni kumwacha binti palepale penye benchi na televisheni.

Wengine wanasema mwanamke naye anaweza kumuumbua mwenzake. Kweli. Mwanamke mwenye ujuzi huu na moyo mbaya ni hatari kuliko kijana wa studio, maana yeye anaingia ndani. Ndiyo maana hatusemi tu apelekewe mwanamke, tunasema aulizwe. Kadi itanakiliwa mara ngapi? Itakaa kwenye kompyuta ya nani, nayo ina nywila? Nani mwingine anaitumia, mume, kaka, watoto? Kazi ikiisha itafutwa lini, na nitakuwepo? Utaionyesha kwa wateja wengine? Jibu la swali la mwisho liandikwe kwenye karatasi na lisainiwe. Si kwamba hatuaminiani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusu picha inayomtambulisha mtu, na karatasi yenye saini huwakumbusha watu mambo waliyoyasahau.

Muulize pia kama anatumia programu za simu zinazomkata mtu zenyewe kwa kubonyeza mara moja. Ni rahisi, na matokeo yake siku hizi ni mazuri, tunakiri. Lakini baadhi yake huipeleka picha kwenye kompyuta za mwenye programu, nchi nyingine, ikatwe huko na kurudishwa. Umefunga milango, umekusanya simu, umetafuta mhariri mwanamke, kisha nywele zako zimesafiri. Kwa picha za ukumbi, za keki, za viatu, tunazitumia. Kwa usiku wa wanawake tunakata kwa mkono, intaneti imezimwa.

Kwetu mambo huenda hivi. Mpiga video mwanamke hutukabidhi kadi mbele ya mama au dada wa bi harusi. Tunafanya kazi mlango umefungwa, baada ya Isha. Siku ya kuchukua, mama hukaa kwenye kiti cha wateja, tunafuta mbele yake, na kadi anaondoka nayo. Tukisubiri siku hiyo kadi hukaa kwenye kopo la vifungo, na kopo hukaa chini ya cherehani ya mkubwa wetu, ambaye hata sisi tunamwogopa.

Tumeulizwa na dada wawili wa Unguja kama wanaweza kututumia video zao tuwahariri. Tunawashukuru kwa kutuamini, lakini tumekataa. Kadi isivuke bahari na bonde kuja kwa watu usiowajua. Huko kwenu hamkosi binti mwenye mkasi mzuri na jicho la ukingo, anayekaa dirishani na cherehani yake. Mnunulieni bando.

Hapa tumechukua wasichana wanne waliokuwa wanakuja kujifunza overloki. Wazazi wa mmoja walisita hadi tulipowaonyesha kwamba darasa ni la wanawake tu na wa kwanza kufika Alasiri ndiye anayefagia. Jumapili hii tunaanza shela. Wameambiwa waje na mita moja ya neti nyeupe, mita tatu za kitambaa cha buluu kisichong'aa, na daftari lenye kurasa tupu nyuma.